SOMO LA 6: WASHA YA BOLTI YA KUMWAGIA OILI



Wengi wetu tunapopeleka gari gereji kubadilisha oili huuliza mambo mawili tu: aina ya oili na bei yake. Ni wachache wanaouliza kuhusu washa, yaani kipete chembamba kinachokaa kati ya bolti ya kumwagia oili na sampo, ambalo ni bakuli la oili lililo chini ya injini. Katika somo hili tunaeleza kazi ya washa hiyo, sababu za kuibadilisha, na mambo ambayo mtumiaji anastahili kuyadai kwa fundi.

Kazi ya washa

Chuma kikikazwa juu ya chuma hakizibi kikamilifu, kwa kuwa nyuso zake huwa na mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo, washa hutengenezwa kwa kitu laini kuliko bolti na sampo, kama vile shaba, aluminiamu au nyuzi zilizoshindiliwa. Bolti inapokazwa, washa hubonyea na kujaza mikwaruzo hiyo, na oili hukosa njia ya kupita.

Washa ikishabonyea mara moja, hairudii umbo lake. Shaba na aluminiamu iliyobonyezwa huwa ngumu zaidi kuliko awali. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari huelekeza washa mpya ifungwe kila oili inapomwagwa. Yapo magari ambayo bolti yake ina mpira wa kuzibia badala ya washa ya kubonyea. Mwenye gari la namna hiyo afuate kitabu cha gari lake.

Hasara ya kuirudia washa ya zamani

Hasara ya kwanza ni kuvuja. Injini ya gari dogo kama Toyota IST huchukua chini ya lita 4 za oili. Matone machache kila siku hayaonekani kwa urahisi kwenye barabara ya vumbi, lakini mwenye gari asiyepima oili anaweza kuondoka Dodoma kwenda Morogoro, mwendo wa takriban kilomita 260, akiwa na oili pungufu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka safarini, simamisha gari mahali salama na uzime injini mara moja. Kuendelea kuendesha kunaweza kuua injini nzima.

Hasara ya pili hutokana na tiba isiyo sahihi. Fundi akiona bolti inavuja huikaza zaidi, na pengine huunganisha bomba kwenye spana ili apate nguvu. Meno ya sampo, hasa la aluminiamu, huliwa. Hapo gharama haiwi tena ya washa, bali ya kuchonga meno mapya au kununua sampo jingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hatua za kusimamia kazi

1. Kabla ya kazi kuanza, muulize fundi kama anayo washa mpya inayolingana na bolti ya gari lako. Kama hana, nunua kwanza dukani. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya oili.

2. Gari liegeshwe mahali tambarare. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Stendi imara zitumike.

3. Oili imwagwe ikiwa na uvuguvugu, isiwe ya kuunguza.

4. Hakikisha washa ya zamani imetoka. Mara nyingi hunata kwenye sampo, na washa mbili zikikaa pamoja huweza kuvuja.

5. Bolti na sehemu inapokaa vifutwe kwa kitambaa safi. Katika kiangazi chetu chenye upepo na vumbi, chembe moja ya mchanga yatosha kuharibu uzibaji.

6. Bolti ianze kufungwa kwa vidole, kisha ikazwe kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi madogo, kiwango hicho ni kati ya nyutoni-mita 30 na 40.

7. Baada ya oili mpya kujazwa, injini iwashwe kwa dakika chache na bolti ichunguzwe. Ukifika nyumbani, tandika kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi kitakueleza ukweli.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni, kwani huchafua maji ya visima.

Haki zako

Omba uoneshwe washa ya zamani kama uthibitisho kuwa imebadilishwa. Dai risiti ya EFD inayotaja oili, filta, washa na gharama ya ufundi. Tatizo likitokea, rudi gereji mapema ukiwa na risiti hiyo. Usiporidhika, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Ukitilia shaka ubora wa oili au kipuri, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Tunamshauri kila mwenye gari awe na washa moja ya akiba ndani ya gari. Fundi atakapokuambia kuwa ya zamani bado inafaa, utakuwa nayo mpya mkononi.