Siku za Mwisho za Darwin katika Visiwa vya Galápagos

Jina la Charles Darwin tumelisikia sote katika darasa la biolojia. Wengi hudhani kwamba alishuka Galápagos, akatazama midomo ya ndege, akafahamu siri yote papo hapo. Haikuwa hivyo hata kidogo. Alipoviacha visiwa vile alikuwa amebeba jibu ndani ya masanduku yake bila kujua, tena sehemu ya jibu hilo alikuwa amekwisha iharibu kwa mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo nataka kueleza majuma ya mwisho ya safari ile ya visiwani, maana mtu yeyote akusanyaye wadudu, majani au mawe atajifunza humo zaidi kuliko katika sura nzima ya kitabu.

Merikebu yao, Beagle, ilikuwa ndogo. Urefu wake ulikuwa kama futi 90, na ndani yake walisongamana watu zaidi ya 70. Iliondoka Uingereza mwezi wa Desemba, 1831, chini ya Nahodha Robert FitzRoy, na kazi yake ilikuwa kupima pwani za Amerika ya Kusini na kuchora ramani. Darwin hakuwa baharia. Alikuwa kijana msomi aliyekuwa amesoma Cambridge kwa nia ya kuwa kasisi, akachukuliwa awe mwenzi wa nahodha na mchunguzi wa viumbe. Bahari ilimchafua moyo tangu mwanzo wa safari hata mwisho. Walipofika Galápagos tarehe 15 Septemba, 1835, alikuwa na umri wa miaka 26.

Visiwa hivi viko karibu maili 600 magharibi ya pwani ya Ekuador. Vyote vimetokana na moto wa volkeno. Mawe yake ni meusi, hewa yake ni moja, na vingi vyaonekana kutoka kimoja hata kingine. Basi nani angefikiri kwamba kobe wa hapa si sawa na kobe wa pale ng'ambo?

Yuko mtu aliyemwambia. Katika kisiwa kiitwacho leo Floreana palikuwa na kaimu gavana, Nicholas Lawson, aliyevijua visiwa vile vizuri. Alimwambia Darwin kwamba makobe hutofautiana kwa kisiwa, na kwamba yeye akiletewa kobe aweza kusema bila shaka ametoka kisiwa gani. Darwin alisikia, lakini hakulitia moyoni. Tusimcheke upesi. Habari ilikuwa ya ajabu, nayo ilitoka kwa mtu asiyekuwa mtaalamu. Na sisi wanafunzi twajua jinsi tunavyompima msemaji kwanza kabla ya kuyapima maneno yake.

Tarehe 8 Oktoba, Beagle ikamshusha katika kisiwa cha Santiago pamoja na Benjamin Bynoe, daktari wa merikebu, na watumishi wao. Merikebu ikaenda zake kutafuta maji, wao wakabaki siku tisa. Nadhani hizi ndizo zilizokuwa siku nzuri kuliko zote alizokaa huko. Walikuwa na hema moja tu, tena kwa muda walikosa mahali pa kuisimamisha, kwa kuwa ardhi yote ilikuwa imetobolewa mashimo na mijusi mikubwa, mikubwa kama kenge wetu. Jua lilikuwa kali kupita kiasi. Darwin alipochomeka kipima-joto katika mchanga, kilipanda mara moja hata digrii 137 za Fahrenheit (yaani kama 58 za sentigredi), kikakomea hapo kwa sababu namba zake ziliishia hapo. Kisima chao kiliharibiwa na mawimbi ya bahari yaliyoingia ndani, na kama merikebu moja ya Waamerika, wawindaji wa nyangumi, isingewapa mapipa matatu ya maji wangetaabika sana. Waamerika wale waliwaongezea na ndoo ya vitunguu.

Chakula chao kilikuwa nyama ya kobe. Walikuta watu waliotumwa kutoka Floreana kukausha samaki na kutia nyama ya kobe chumvi. Hao waliwaonyesha namna ya kuichoma juu ya gamba lake la kifuani. Darwin aliwafuata makobe kwenye njia zao za kwenda chemchemini, akampima mmoja mwendo: yadi 60 kwa dakika kumi. Alipanda hata juu penye ukungu na majani mabichi. Alikusanya mimea, konokono, wadudu, samaki na ndege. Mchana kutwa ni kukusanya, usiku ni kupanga.

Ila kuhusu ndege wa namna moja alikuwa mwangalifu. Ni ndege mwigaji, aitwaye hivyo kwa kuwa ndugu zake wa Amerika huiga sauti za ndege wengine. Darwin aliona kwamba wale wa Floreana si sawasawa na wale wa kisiwa cha kwanza, San Cristóbal, na tangu hapo kila ndege mwigaji aliyempata alimwandikia kisiwa chake. Lakini wale videge wadogo wala-mbegu, ambao siku hizi dunia yote huwaita kwa jina lake, hakuwatenga kwa visiwa. Hakuona sababu.

Tarehe 17 Oktoba merikebu ilirudi ikawachukua. Siku mbili tatu zilipita katika kupima visiwa vilivyobaki upande wa kaskazini, na tarehe 20 Oktoba FitzRoy akaelekeza tanga Tahiti, safari ya maili 3,200. Makobe waliopakiwa wakaliwa njiani, na magamba yao yakatupwa baharini: ushahidi wote wa Lawson ukazama pamoja na makombo ya jikoni! Vitoto vichache vya kobe vilivyofika Uingereza vilikuwa vidogo mno kuonyesha tofauti yoyote.

Beagle ilifika kwao mwezi wa Oktoba, 1836. Januari, 1837, fundi wa ndege wa London, John Gould, alichunguza mizigo ya Darwin. Akasema kwamba wale videge, ambao Darwin alidhani wamo miongoni mwao ndege wa jamii mbalimbali, wote ni wa ukoo mmoja, tena ni wapya kwa elimu. Mwezi wa Machi akasema ndege waigaji ni wa aina tatu zilizo mbali, kila aina na kisiwa chake au visiwa vyake. Hapo ndipo maneno ya Lawson yalipomrudia Darwin kwa nguvu. Je, na videge navyo vimegawanyika kwa visiwa? Alifungua daftari yake, na daftari haikuweza kumjibu.

Ikambidi kwenda kuomba. Wenzake melini walikuwa nao wamekusanya ndege: Nahodha FitzRoy, mtumishi wa nahodha Harry Fuller, na Syms Covington, kijana aliyeingia melini kuwa mpiga fidla na boi, kisha akawa mtumishi wa Darwin mwenyewe. Ndege wao walikuwa wameandikwa majina ya visiwa. Kwa hizo karatasi za watumishi bwana akatengeneza upya hesabu yake kadiri ilivyowezekana. Mwezi wa Julai, 1837, alianza daftari yake ya kwanza juu ya kubadilika kwa viumbe, na kitabu chake kikubwa kikatoka mwaka 1859. Ubishi juu ya kitabu hicho nawaachia walimu wangu wa biolojia na wa dini, ambao wameuzoea.

Tukiwa Uganda jambo hili si la mbali. Ndani ya Ziwa Viktoria kulikuwa na mamia ya aina za wale samaki wadogo ambao Waganda huwaita nkejje. Katika miaka ya 1950 sangara aliletwa ziwani, na baadaye, hasa tangu miaka ya 1980, nyingi za aina hizo zilitoweka. Kwa baadhi yake kilichobaki ni samaki ndani ya chupa ya dawa, na kikaratasi chenye jina la ghuba na tarehe. Chupa isiyo na kikaratasi ina samaki tu. Hata huko Santiago mijusi ile mikubwa ilikwisha kabisa. Mwaka 1906 hivi ndio walikuwa hawaonekani tena, na mwaka 2019 ndipo zaidi ya 1,400 walipoletwa kutoka kisiwa kingine kuanza upya. Siku hizi watalii huzunguka visiwani kwa meli ndogo, hushuka na kiongozi, wala hawaruhusiwi kuondoka hata na jiwe.

Covington alihamia Australia. Masikio yake yalipodhoofu Darwin alimpelekea chombo cha kusikilizia, na baadaye Covington akamtumia Darwin wanyama wadogo wenye magamba washikao miamba ya pwani, amewaokota mwenyewe.