Mafunzo Niliyopata Kando ya Tangi la Maji

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya mitambo na mnaotaka kuijua kwa undani. Niliyokosea mimi, msiyarudie.

1. Usiamini sensa iliyotulia mno

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kituo cha kusukuma maji nilipangwa zamu ya usiku. Skrini ilionyesha tangi limejaa asilimia 62. Saa 3 baadaye, 62 ile ile. Nikasema mambo shwari. Alfajiri mlinzi akanigongea mlango, suruali imelowa hadi magotini: maji yalikuwa yakifurika ukingoni.

Kilichonishangaza ni kwamba jawabu nilikuwa nalo mezani. Pampu iliingiza mita za ujazo 120 kwa saa, watumiaji walichota 60, na tangi lilikuwa na kipenyo cha mita 10. Kwa hiyo maji yalipaswa kupanda karibu sentimita 76 kila saa. Hesabu hiyo ndiyo modeli. Inachotabiri kikiachana na kinachosomwa na sensa, kuna hitilafu.

2. Kengele ikilia ovyo, itazimwa

Nikaandika programu: tofauti ikizidi sentimita 1, kengele ilie. Kila pampu ilipowashwa maji yalitikisika, kengele ikalia. Usiku wa pili wenzangu wakachomoa waya, na walikuwa na haki. Nilirekodi tofauti za wiki nzima mtambo ukiwa mzima, ndipo nikapanga kikomo.

3. Tafuta shahidi wa tatu

Safari nyingine tofauti ilipojitokeza nilikimbilia kubadilisha sensa. Kumbe bomba lilikuwa linavuja. Modeli na sensa ni mashahidi wawili; wakipingana, bila wa tatu hujui mwongo ni yupi.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege aina ya Boeing 737 MAX iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka dakika 6 tu baada ya kuruka. Watu 157 walikufa. Sensa ya kushoto ya pembe ya ndege dhidi ya upepo ilisoma zaidi ya nyuzi 74, ya kulia kama 15. Programu iliyoinamisha pua ilisikiliza ya kushoto peke yake. Nimezisoma tarakimu hizo mara nyingi, na bado zinaniuma.

4. Amua mapema

Siku hizi sensa yetu ikifa, programu inakadiria kina cha maji kwa modeli na pampu inapunguza kasi. Makosa madogo ya mita za kupimia mtiririko wa maji hujilimbikiza, kwa hiyo makadirio nimeyapa muda wa saa 2, kisha pampu izime. Nawe kabla hujakabidhi mtambo wako, chomoa waya wa sensa moja kwa makusudi, usimame hapo utazame mtambo unafanya nini.