Kumshikia Mwenzio Mwendo

Wengi hudhani mbio ni shauri la miguu tu. Mimi hukimbia katika mashindano ya wenyeji hapa Njombe na kule Makambako, na mara nyingi kazi yangu si kushinda bali kumshikia mwenzangu mwendo. Muhula huu yuko mmoja wa Kidato cha Tatu: asipomaliza kilomita 10 kwa dakika 45 hachukuliwi katika timu. Basi kila kilomita nampa dakika 4 na nusu. Ya kwanza ndiyo ya hatari, maana watu hupiga vigelegele naye hutaka kuruka, hapo humzuia. Vilima vya Njombe havina huruma, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Mlimani sitazami saa, nasikiliza pumzi zake. Upepo ukivuma kutoka mbele, natangulia mimi.

Msidhani ni kazi ya wanyonge. Bannister alipokimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4 huko Oxford, tarehe 6 Mei 1954, aliongozwa na Brasher, kisha Chataway. (Filbert Bayi wetu hakumngoja mtu: Christchurch, 1974, aliongoza mita 1,500 mwenyewe, akavunja rekodi ya dunia.)

Zikibaki mita 400 namwambia, "Haya, nenda," nami nabaki nyuma nikimhesabia sekunde.