Watoto Watatu Garini: Somo la Kani na Vipimo

Familia yenye watoto watatu wadogo inapokusudia kununua gari, swali la kwanza huwa: “Linachukua watu wangapi?” Swali hilo halitoshi. Gari huweza kuwa na nafasi za watu watano na bado likakosa nafasi salama za watoto watatu. Sababu yake hufafanuliwa na sheria za mwendo zilizochapishwa na Isaac Newton mwaka 1687, ambazo hufundishwa katika somo la fizikia la sekondari.

Sheria ya kwanza yaeleza kuwa kitu kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ile ile, katika mstari ule ule, mpaka kani kutoka nje ikibadilishe mwendo huo. Tabia hii huitwa inesha. Gari likigonga mti husimama ghafla, lakini mtoto aliyemo huendelea mbele kwa kasi ambayo gari lilikuwa nayo.

Kani ya kumzuia yaweza kukokotolewa. Ichukuliwe kwamba mtoto ana tungamo la kilo 10, na gari lakwenda kilometa 50 kwa saa, yaani karibu meta 14 kwa sekunde, kisha lasimama katika sehemu ya kumi ya sekunde:

Upungufu wa kasi = 14 ÷ 0.1 = meta 140 kwa sekunde kwa sekunde
Kani = 10 × 140 = nyutoni 1,400

Kani hiyo yalingana na uzito wa mzigo wa kilo 140, zaidi ya gunia zima la mahindi. Hakuna mzazi awezaye kuuzuia mzigo huo kwa mikono. Kumpakata mtoto garini ni mapenzi, lakini si kinga.

Mkanda wa sehemu tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, umekadiriwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto hupita shingoni na tumboni badala ya begani na kwenye mifupa ya nyonga. Ndiyo maana watoto huhitaji viti vyao. Mtoto mchanga, ambaye kichwa chake ni kama robo ya urefu wake na shingo yake bado ni dhaifu, huketishwa akitazama nyuma ya gari, ili kani isambae mgongoni na kichwani kwa pamoja. Kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mtoto mkubwa kidogo hufungwa kwa mikanda ya kiti chake. Wa miaka sita huinuliwa kwa kiti ili mkanda wa gari umkae sawasawa.

Sasa vipimo. Ikiwa kila kiti kina upana wa sentimeta 44, viti vitatu huhitaji 44 × 3 = sentimeta 132. Kiti cha nyuma chenye sentimeta 128 hakitavitosha, ingawa watu wazima watatu huketi hapo kwa kubanana. Hata vikienea, huenda vikafunika vifungio vya mikanda. Aidha, katika magari mengi vishikizo vya chuma vya ISOFIX vimo pembeni tu, na katika baadhi ya magari ya zamani nafasi ya katikati ina mkanda wa kiunoni pekee.

Gari lenye safu tatu za viti, kama Toyota Noah, huweza kuondoa msongamano huo. Hata hivyo, kila nafasi ichunguzwe mkanda wake, na kiti cha dereva kisogezwe mahali pake pa kawaida kabla ya kupima nafasi ya kiti kitazamacho nyuma. Mnunuzi mwenye busara huenda na utepe wa kupimia, pamoja na viti vyenyewe, kabla ya kulipa.

Zoezi: Kokotoa kani hiyo upya kwa mtoto wa kilo 18 katika gari liendalo kilometa 100 kwa saa, likisimama kwa muda ule ule. Kisha pima kiti cha nyuma cha gari lililo karibu nawe, ueleze ni watoto wangapi linaloweza kuwabeba kwa usalama.