Picha za zamani zaweza kumfungua mdomo mzee aliyepoteza kumbukumbu

Je, umewahi kwenda nyumbani Gachoka, ukatoa picha ya mjukuu na kuuliza, "Baba, huyu ni nani?" Mzee akaitazama, akakutazama wewe, kisha akainamisha kichwa? Wewe ulidhani unamsaidia kukumbuka. Yeye aliona ni mtihani, na ameanguka mbele ya watoto wake.

Demenshia ni ugonjwa wa ubongo. Si laana, wala mzee hajarogwa. Mara nyingi, hasa katika aina iitwayo Alzheimer, mambo ya juzi na jana ndiyo hupotea kwanza, huku ya ujanani yakidumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mzee aweza kusahau kwamba amekula chakula cha mchana, lakini akakueleza vizuri jinsi pamba ilivyochumwa Mbeere.

Kwa hivyo anza na picha za zamani. Nilimwona mzee mmoja wa sehemu hizo ambaye jamaa zake walisema haongei tena. Mwanawe alipomwekea mkononi picha ya vibarua wa bwawa la Kamburu, lililokamilika 1974, mzee alizungumza karibu nusu saa: vumbi, mshahara, na mpishi aliyewapunja nyama. Kisha akaliita bwawa hilo Kindaruma. Mwanawe akamsahihisha. Mzee akanyamaza, na siku hiyo hatukupata neno jingine. (Kindaruma ni la 1968, lakini kosa hilo lilimdhuru nani?)

Usiulize jina wala mwaka. Sema, "Baba, naona hapa mlikuwa na kazi ngumu," halafu ungoje. Kimya cha dakika nzima kisikutishe. Mwonyeshe picha moja moja, tena kubwa. Ile ya simu ni ndogo na kioo huzima, basi ipeleke studio ikachapwe. Hakikisha pia anaona. Nimekutana na wazee waliodhaniwa kusahau watu, kumbe ni mtoto wa jicho.

Akiona picha ya marehemu mkewe na kuuliza yuko wapi, usimtangazie msiba upya kila mara. Mwambie, "Mama alipenda sana kuimba kanisani," au lolote la kweli unalolikumbuka, umwache aendelee.

Nisikudanganye: picha haziponyi. Uchambuzi wa Cochrane wa 2018, uliojumlisha majaribio 22 ya kuwakumbusha wagonjwa mambo ya zamani, ulipata faida ndogo, tena zisizofanana kila mahali. Mzee akianza kusahau, mpeleke hospitali kwanza. Upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingoni au huzuni nzito huweza kufanana na demenshia, na hayo yana matibabu.

Na kabla hujarudi Nairobi, kaa na shangazi au ami zako, muandike nyuma ya kila picha majina ya waliomo na mahali ilipopigwa. Msichana anayebaki kumtunza mzee wiki nzima hawajui watu hao.