Umenunua Nyumba ya Kupangisha Segerea? Rangi Ije Mwisho

Mtu akishakabidhiwa funguo za nyumba aliyonunua Segerea, Dar es Salaam, wa kwanza kuitwa ni fundi rangi. Sababu inaeleweka: mpangaji akivutiwa hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Lakini rangi iliyopakwa kwenye ukuta unaonyonya maji hubanduka masika ya kwanza, na jipsamu iliyofungwa chini ya bati linalovuja haina maisha.

Kabla ya yote, umeme. Nyumba zetu nyingi hujengwa chumba baada ya chumba, na waya uliokusudiwa taa mbili huishia kubeba friji, pasi na jiko. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akague nyaya, breka na ithi kabla mpangaji hajaingiza godoro lake. Hili halisubiri fedha zipatikane. Kama huwezi kulimudu, usipangishe bado.

Kisha paa. Fundi aingie darini, asiishie kukanyaga bati kwa nje. Atazame mbao za kenchi kama zimeliwa na mchwa, na matundu ya misumari yanayopitisha mwanga. Misumari iliyolegea hubadilishwa kwa fedha ndogo. Kenchi ikishaoza, unafumua paa.

Fuata maji yakishashuka. Segerea ina miinuko na mabonde, na maji ya jirani wa juu huenda njia yake ni uani kwako. Waulize majirani, si dalali, mvua kubwa ikinyesha maji hufika wapi. Wakumbushe Desemba 2011, mafuriko yalipolikumba jiji. Wakazi wa zamani watakuonyesha. Mtaro utangulie, pevingi ifuate. Funua na karo: likijaa wakati wa mvua ilhali nyumba haina watu, maji yanaingia kutoka nje, na kuita gari la kunyonya kila mara ni kupoteza fedha.

Ufa mwembamba kwenye plasta usikutishe. Unaokata mshazari kutoka kona ya dirisha kuelekea msingi, uzibe kwa plasta kidogo na uandike tarehe. Ukipasuka tena, tafuta mhandisi.

Vitasa, nyavu za mbu na bomba linalodondosha ni kazi za siku chache. Tailizi na rangi zifuate.

Fedha zikitosha kazi mbili tu kabla ya masika kuanza Machi, ziwe nyaya na paa. Mwambie mpangaji wazi kwamba rangi itakuja, na umpunguzie kodi mpaka ifike.