SOMO LA WIKI: Hesabu orodha nzima kabla ya kulipia boksi la kwanza

Wasomaji wa safu hii wamezoea habari za gunia, debe na bei ya shambani. Wiki hii tunaiacha nafaka kidogo tujifunze biashara ambayo kwa wengi wetu ni ngeni: ununuzi wa vifaa vya kuundia modeli, yaani mifano midogo ya treni, ndege, magari na majengo, katika maduka ya hobi yanayoendeshwa kwa jina la kukodi. Somo hili litamfaa pia asiyekuwa na haja na modeli, maana kosa tutakalolieleza hutokea katika biashara nyingi za kuagiza.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mfanyabiashara wa Kakese ameuza mpunga, akalipa madeni, akabakiwa na mtaji wa Sh. 600,000. Shule moja imemwomba aitengenezee modeli ya treni na stesheni ya Mpanda kwa ajili ya masomo ya jiografia, na italipa Sh. 900,000 kazi ikikamilika. Ana ndugu Marekani ambaye yuko tayari kumnunulia vifaa. Je, akubali kazi hii? Tarakimu zote za shilingi katika somo hili ni za mfano tu.

Duka la jina la kukodi ni lipi?

Kwa Kiingereza cha biashara mpango huu huitwa franchaizi. Mwenye jina humruhusu mtu mwingine, kwa mkataba, kufungua duka kwa jina hilo na kwa utaratibu huo huo. Anayekodi jina hulipa ada ya kuingia, kisha mrabaha unaotokana na mauzo. Duka ni lake, mtaji ni wake, na hasara pia ni yake.

Mfano wa karibu kwetu ni kituo cha mafuta. Nembo ya juu inaweza kuwa ya kampuni kubwa, lakini anayekiendesha ni mfanyabiashara wa hapa hapa. Wakala wa fedha kwa simu ni jambo jingine. Yeye hulipwa kamisheni na kampuni kwa kila muamala, wakati mwenye franchaizi ndiye anayeilipa kampuni.

Katika biashara ya modeli, jina linalojulikana kwa mtindo huu ni HobbyTown, lenye makao yake Lincoln, Nebraska, Marekani. Lilianza na duka moja mwaka 1969, na katika miaka ya 1980 likaanza kukodisha jina. Hobby Lobby, iliyofungua duka lake la kwanza Oklahoma City mwaka 1972, huuza modeli pia, lakini maduka yake ni mali ya kampuni yenyewe. Mtu akiyatazama kutoka mbali huyaona majina haya mawili kama ndugu. Kumbe utaratibu wake ni tofauti, na tofauti hiyo humgusa mnunuzi mfukoni.

Katika duka la kampuni, bei na punguzo hupangwa makao makuu. Hadi Februari 2021 Hobby Lobby ilikuwa ikitoa kuponi ya kupunguza asilimia 40 ya bei ya kitu kimoja, na waundaji wengi wa modeli waliitumia kununulia boksi moja moja. Katika duka la franchaizi, mwenye duka ndiye anayeamua aweke bidhaa gani na nyingi kiasi gani. Duka la mji huu linaweza kujaa treni, la mji wa pili likajaa magari ya kuendeshwa kwa rimoti. Kwa hiyo ndugu akiambiwa "nenda duka lenye jina fulani", maelezo hayajatosha. Apige simu kwanza, aulize kama kitu kipo, bei yake, na kama kikikosewa kinarudishwa dukani hapo kwa masharti gani.

Boksi si modeli

Seti ya kuunga, kama zile za Tamiya ya Japani au Airfix ya Uingereza, huja na vipande vya plastiki vikiwa vimeshikana kwenye fremu, pamoja na karatasi ya maelekezo. Mara nyingi gundi, rangi, brashi na kisu havimo. Hapo ndipo duka linapopata mteja wa kudumu. Boksi hununuliwa mara moja, lakini rangi na gundi huisha na kununuliwa tena. Kopo la kawaida la rangi ya mafuta ya Humbrol lina mililita 14 tu, na modeli moja inaweza kuhitaji rangi tano au sita.

Gundi nazo si moja. Gundi ya plastiki huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikashikana, lakini haishiki mbao. Gundi nyeupe ya seremala hushika mbao na karatasi, lakini haifai kwa plastiki. Gundi ya papo kwa papo hushika vitu vingi, ila huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayong'aa. Mnunuzi asiyejua haya hununua gundi tatu ili apate moja.

Tena kuna suala la safari. Rangi za kupuliza na vimiminika vinavyowaka ni mizigo ya hatari. Abiria wa ndege haruhusiwi kuviweka ndani ya sanduku lake, na posta haivipokei kama vifurushi vya kawaida. Ndugu anaweza kuvinunua kwa nia njema, vikaishia uwanja wa ndege. Fedha hiyo imekwenda.

Kipimo kinachotia hasara

Kila boksi huandikwa kipimo, kwa mfano 1:72, 1:35 au 1:87. Maana ya 1:87 ni kwamba milimita 87 za kitu halisi zimekuwa milimita moja ya modeli. Behewa lenye urefu wa mita 14 ni milimita 14,000. Gawanya kwa 87, unapata milimita 161 hivi. Kwa kipimo cha 1:72 behewa hilo hilo lingekuwa milimita 194. Vikiwekwa pamoja, hata mtoto ataona kwamba havilingani.

Kwa treni kuna mtego wa pili. Kipimo cha 1:87 huitwa HO, na reli yake ya kawaida ina upana wa milimita 16.5. Upana huo unatokana na reli halisi ya milimita 1,435, kama ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Lakini tawi la Kaliua hadi Mpanda, la kilometa 210, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, ni reli ya mita moja. Milimita 1,000 ukigawa kwa 87 ni 11.5. Watengenezaji huifanya kuwa milimita 12 na kuiita HOm.

Mfanyabiashara wetu akiagiza "reli ya HO" bila kuongeza neno, ataletewa ya milimita 16.5. Treni itatembea, ila haitakuwa treni ya Mpanda, na mwalimu mwenye rula ana haki ya kuikataa. Aandike kwenye oda kipimo na upana wa reli kwa milimita. Reli ya HOm si kila duka huiweka, hivyo huenda ikabidi iagizwe.

Hesabu mbili

Njia ya kwanza ni kununua kila kitu katika duka la hobi. Seti ya treni Sh. 350,000, reli za ziada 90,000, gundi, rangi na zana 110,000. Jumla 550,000. Usafiri 120,000 unafikisha 670,000. Kwa bidhaa za namna hii tuchukue ushuru wa forodha wa asilimia 25, ambao ni 167,500. Sasa ni 837,500. VAT ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru, yaani 150,750. Jumla kuu ni Sh. 988,250. Tozo nyingine ndogo za forodha hatujazitia, wala fundi hajalipwa. Kazi inayolipa 900,000 imekwisha kula zaidi ya hapo, na mtaji wa 600,000 haukutosha tangu mwanzo.

Njia ya pili ni kugawa orodha. Vinavyotoka ng'ambo viwe vile tu ambavyo fundi wa hapa hawezi kuvitengeneza kwa usahihi: injini ndogo ya umeme, magurudumu na reli, Sh. 200,000. Usafiri 50,000. Ushuru wa asilimia 25 juu ya 250,000 ni 62,500, na VAT juu ya 312,500 ni 56,250. Jumla 368,750. Vilivyobaki vinunuliwe Mpanda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na kwa mafundi seremala: plaiwudi nyembamba, waya wa kufungia nondo, gundi nyeupe, msasa, tupa ndogo na rangi, Sh. 95,000. Fundi alipwe 120,000. Jumla kuu ni Sh. 583,750.

Hapa kuna faida ya Sh. 316,250. Lakini tazama vizuri. Mtaji ni 600,000, hivyo akiba iliyobaki ni 16,250 tu. Kifurushi kikichelewa, au shule ikichelewa kulipa hadi muhula mwingine, mfanyabiashara huyu hana fedha ya mbegu wala ya vibarua. Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: akubali, kwa njia ya pili, na kwa sharti la kulipwa sehemu ya fedha mapema kwa maandishi. Bila malipo ya awali, faida ya karatasi isimtoe shambani.

Watoto wa vijijini kwetu huunda magari kwa waya, makopo na kandambili chakavu, na magurudumu yanazunguka. Ujuzi huo una thamani katika hesabu hii. Ndio uliopunguza orodha ya ng'ambo.

Kwa anayetaka kukodi jina

Baadhi ya wasomaji watajiuliza kama inafaa kufungua duka la namna hii. Kumbuka kwamba mrabaha kwa kawaida hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Duka likiuza Sh. 10,000,000 kwa mwezi na kubakiwa na asilimia 8 baada ya gharama, hiyo ni 800,000. Mrabaha wa asilimia 5 ya mauzo ni 500,000. Mwenye duka anabaki na 300,000. Mauzo yakishuka, kodi ya pango haishuki, na mrabaha bado unadaiwa.

Nchini Marekani sheria inamtaka mwenye jina ampe anayetaka kulikodi hati ya maelezo angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa. Hati hiyo hutaja ada, kesi za mahakamani na idadi ya maduka yaliyofungwa. Kwetu, jiwekee utaratibu huo huo mwenyewe. Uliza BRELA kama alama ya biashara imesajiliwa na ni mali ya nani, mpe mwanasheria mkataba ausome, na uzungumze na mtu aliyekwisha kukodi jina hilo na akaacha.

Zoezi

1. Jukwaa la stesheni lina urefu wa mita 60. Litakuwa na urefu gani kwa kipimo cha 1:87?

2. Vifaa vimegharimu Sh. 300,000 na usafiri 100,000. Kwa ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, vitafika kwa shilingi ngapi?

3. Taja vitu viwili ambavyo hutamwagiza ndugu anayesafiri kwa ndege.

Majibu: (1) Milimita 690 hivi. (2) Sh. 590,000. (3) Rangi ya kupuliza na kimiminika chochote kinachowaka, kama vile tapentaini.